Shati Lililonukia Ndizi

Elia, afisa nyuki wa wilaya, alilifungua lile fuko la nailoni kidogo tu, akanusa, akalifunga upesi. Akainuka akafunga dirisha la ofisi. Akafunga na la pili.

"Afande, shati hili lilikuwa la nani?"

"La Zengo. Yule kijana aliyeuawa na nyuki juzi kule Mwansolwa, nyuma ya Dutwa," alisema Inspekta Msaidizi Apolonia Luhende. "Hospitali walimvua, wakalifunga humo. Mbona unafunga madirisha?"

"Wewe umesikia harufu gani?"

"Ndizi. Ndizi mbivu iliyopitiliza."

Elia alikaa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, ila asubuhi hiyo aliyapima.

"Nyuki hana sauti ya kumwita mwenzake. Wanazungumza kwa harufu. Malkia ana yake, ndiyo inayowaweka pamoja. Waliohama wana yao ya kuitana kwenye nyumba mpya. Na akikuuma mmoja, mwiba unabaki mwilini mwako, unatoa harufu nyingine kabisa. Hiyo inasema, adui huyu hapa, njooni. Anayekuja anauma palepale penye harufu, anaiongeza. Ukizubaa kidogo una mzinga mzima shingoni."

"Na hiyo inanukia ndizi."

"Kwa pua zetu, ndiyo."

Apolonia aliandika. Kiti alikuwa amekisogeza mbali na lile fuko. Alikuwa na miaka saba nyuki walipomvimbisha uso hata mama yake akamtambua kwa gauni, na toka siku hiyo akisikia mvumo hata wa feni mbovu mwili humsisimka. Kesi ya nyuki ikaja kumwangukia yeye, na wakubwa hawajui kuuliza mtu anaogopa nini.

"Basi ni harufu ya miiba. Ameumwa sana, shati likashika harufu. Ajali."

"Ningesema hivyo kama ungeniletea juzi ileile. Harufu ya miiba haidumu. Hili ni la siku mbili na bado linanipiga puani. Halafu tazama kola."

Alilielekeza fuko kwenye mwanga. Nyuma ya kola palikuwa na doa la njano, pana, lililogandamana na nailoni.

"Nyuki hatoi rangi," alisema Elia. "Hiyo ni arki ya ndizi. Ile wanayotia kwenye keki na barafu. Kwa nyuki ni kitu kimoja. Ukimpaka mtu hiyo shingoni ukampitisha chini ya mizinga mchana wa jua kali, huna haja ya panga."

Apolonia aligeuza ukurasa wa daftari.

"Nani hapa Bariadi anayelijua jambo hilo?"

"Mimi," alisema Elia, kisha akaona alivyojiingiza mwenyewe, akakohoa. "Na wafugaji niliowafundisha. Na mtu mmoja wa Dutwa, muuza barafu. Mwaka juzi nyuki walivamia wateja wake. Nikamwambia aache arki ya ndizi, nikamweleza sababu. Alisikiliza vizuri sana yule bwana. Jina sikuandika."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Konstebo Sylvester, dereva wa Apolonia, simu mkononi.

"Afande, wamepiga kutoka Mwansolwa. Sungusungu wameitisha mkutano saa tisa. Kura ya siri, ya kumtaja mchawi. Kila mtu kijijini anajua jina gani litatoka."

Apolonia naye alilijua. Milembe, bibi yake Zengo, mwenye mizinga. Watu walikuwa wanasema aliingia katikati ya nyuki kumkumbatia mjukuu wake, wanaume na mapanga yao wamekimbia, na nyuki hawakumgusa. Kwao huo ulikuwa ushahidi tosha. Miaka miwili nyuma Apolonia aliwahi kuitwa kwenye kura kama hiyo akachelewa nusu saa, na alichokikuta uani kwa mama aliyetajwa hakuwahi kumsimulia mtu.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa sita na robo."

"Askari wengine?"

"Wako Nkoma na gari kubwa. Wamesema watatufuata, ila si kabla ya saa kumi."

Elia alimshika Apolonia mkono alipokuwa anatoka. "Afande, ukifika kwenye mizinga. Wa kwanza hakuumi. Anakugonga tu, hapa kwenye paji la uso. Huyo ni mlinzi, anakuonya. Ukimpiga umekwisha. Rudi nyuma taratibu."

Pale Dutwa walisimama dakika tano tu. Kibanda cha barafu walikiona wenyewe, kando ya mafundi baiskeli, kimefungwa kwa kufuli. Juu ya ubao palikuwa pameandikwa kwa rangi: EMBE, STROBERI, NDIZI. Neno la mwisho lilikuwa limepakwa chokaa juu, likawa linasomeka kwa shida.

"Ni cha Januarius," alisema Violeth, mama wa genge la jirani. "Yuko msibani. Marehemu ni mtoto wa kaka yake."

"Ndizi aliacha kuuza lini?"

"Zamani. Nyuki walikuwa wanatusumbua. Ila arki anayo bado, juzijuzi nilimwona nayo kichupani. Nikamtania kwamba amerudia ndizi, hakucheka."

Sylvester aliwasha gari. "Tumempata, afande."

"Tumepata kichupa," alisema Apolonia. "Arki inauzwa kila duka la keki. Wakili atasimama mahakamani na kichupa chake mkononi, atamnusisha hakimu, kesi imeisha. Twende."

Waliacha lami wakaingia njia ya mashamba ya pamba. Pamba ilikuwa imefika magotini, na hapakuwa na mtu hata mmoja anayepalilia, katika mwezi ambao kila jembe huwa shambani. Apolonia aliona hivyo, akamwambia Sylvester aongeze mwendo. Watu wote walikuwa wamekwisha kusanyika mahali.

Mji wa Milembe ulizungushiwa uzio wa minyaa, nyumba mbili za bati na jiko la nyasi. Nje ya uzio walikaa watu kama mia mbili, wanaume mbele na marungu yao magotini. Hawakuwa na kelele, na kimya hicho ndicho kilichomtisha. Juu ya kiti kilichowekwa mbele yao palikuwa na ndoo yenye mfuniko uliotobolewa tundu la kutumbukizia kura.

Aliyemjia alikuwa Magese, kamanda wa sungusungu, mtu mnene mwenye filimbi shingoni. Kwenye jalada la Apolonia jina lake ndilo lilikuwa la kwanza. Mwezi uliopita ng'ombe wake waliingia kwenye pamba ya Zengo wakatukanana mbele ya mwenyekiti. Mpaka asubuhi ile Apolonia alikuwa na nia ya kumkamata.

"Afande, karibu. Umekuja kutusaidia au kutuzuia?"

"Nimekuja kuandika maelezo. Yako hayajakamilika. Juzi ulikuwa wapi ule mwano wa kuomba msaada ulipopigwa?"

"Kisimani, nanywesha. Kama saa saba hivi. Nikasikia mwano unatoka huku."

"Nani aliupiga?"

"Huyu mama mwenyewe. Anasema alisikia mjukuu wake analia shambani, hakuona kitu, akapiga mwano kwanza ndipo akakimbilia."

"Na wewe?"

"Afande, wewe si mgeni. Mwano ukipigwa unaacha kila kitu, unashika silaha, unakimbia. Usipotokea unalipishwa ng'ombe. Nilichukua upinde na mishale. Nikajua ni wezi wa mifugo."

"Wengine walikuja na nini?"

"Mapanga, marungu, mikuki. Mmoja alikuja na jembe." Magese aliinamisha macho. "Tulipofika tukakuta nyuki. Upinde utampiga nyuki gani? Tulikimbia, sisemi uongo. Kama si Januarius, hata mwili tusingeutoa. Yeye ndiye alikuja na kopo lake la mavi ya ng'ombe linafuka, akatutangulia na moshi, tukamvuta kijana."

Kalamu ya Apolonia ilisimama.

"Alifika lini? Baada yenu?"

"Pamoja nasi. Tulikutana palepale kwenye njia ya shamba."

"Mwano huwa unasema ni hatari gani?"

"Hapana. Mwano ni mwano. Utajua ukifika."

Magese hakujua alichokisema, na Apolonia akamshukuru Mungu kwamba hakujua. Alifunga daftari polepole, maana watu mia mbili walikuwa wanamtazama usoni. Mavi makavu hayashiki moto kwa kupuliza mara mbili. Mtu aliyekuja na kopo linalofuka alilitayarisha kabla mwano haujapigwa, na alilitayarisha akijua kwamba safari hii si wezi wala fisi. Kijiji kizima kilikuja na silaha za kupigana na watu. Mmoja tu alikuja na kitu cha nyuki, nao wakamsifu.

Ikawa amepata mtu wake, na hakuweza kumtaja. Akitamka jina hilo pale, Januarius hatafika barabarani akiwa hai. Akinyamaza, ndoo itafunguliwa saa tisa. Alitazama saa. Saa nane na dakika ishirini.

Aliomba kuonyeshwa shamba, apate kupumua. Sylvester alibaki na gari. Mizinga saba ilining'inia kwenye migunga ukingoni mwa pamba, na njia ya kwenda shambani ilipita chini yake. Mvumo aliusikia hatua thelathini kabla. Jasho jembamba likamtoka. Alikwenda hatua kumi zaidi, akaiona pamba iliyolala pale Zengo alipogaagaa, na hapo kitu kidogo kikamgonga pajini, tap, kikaondoka, kikamgonga tena.

Apolonia hakuinua mkono. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kupiga na kukimbia, na hakuinua mkono. Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, midomo imebana, machozi yanamtoka bila ruhusa yake, mpaka kile kitu kikamwacha. Alipofika kwenye uzio alisimama, akajifuta uso.

Milembe alimkuta hapo. Alikuwa mama mrefu mkavu, kanga nyeusi ya msiba kiunoni, macho mekundu ya moshi na ya kulia.

"Mwadila, mayu," Apolonia alimsalimia kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama.

"Mwadila. Wamekugonga?"

"Wamenigonga."

"Una akili. Zengo naye alikuwa na akili hiyo. Nyuki hawa wanamjua toka mdogo." Alimtazama sawasawa. "Na mimi unataka kuniuliza kwa nini hawakuniuma."

"Hapana, hilo najua. Ulikuwa jikoni toka asubuhi. Ulinuka moshi, na moshi unawaziba pua. Nataka kujua habari ya shati."

"Shati lake la shamba. Nililifua, nikalianika hapa kwenye minyaa. Usiku likalala nje. Asubuhi amelivaa, akaja jikoni ananicheka, bibi, leo umeninunulia ndizi umeficha wapi? Nikamwambia ndizi huku zinakuja na basi, mimi basi nimelipanda lini?" Aligusa minyaa pale shati lilipoanikwa. "Ndiyo mara ya mwisho kucheka naye."

Apolonia aliandika neno kwa neno. Harufu ilikuwa kwenye shati kabla nyuki hata mmoja hajauma.

"Shamba hili ni la nani, mayu?"

"La marehemu mzee. Aliniachia mimi, na baada yangu Zengo, maana baba yake alimtangulia mzee."

"Na Zengo asingekuwepo, na wewe usingekuwepo?"

Milembe alikuwa anataka kujibu, akasita. "Lingekwenda kwa nyumba ndogo. Kwa Januarius. Mama yake alikuwa mke mwenzangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nimemlea mimi."

"Njoo ukae kwenye gari langu. Usiniulize."

Alimpitisha kati ya watu amemshika mkono, na mgongo mzima ulimwasha kwa kungoja rungu. Hakuna aliyetupa. Alimweka kiti cha nyuma. Halafu akaita kwa sauti ya ofisini, kavu, ya mtu aliyechoka na makaratasi, "Januarius. Njoo unisainie maelezo ya ushahidi. Wewe ndiye uliyeutoa mwili."

Alikuwa mrefu, mpole, shati jeupe la msibani. Alikuja bila wasiwasi, na watu wakampisha kwa heshima. Apolonia alimwingiza nyuma, upande wa pili, akakaa mbele, akapandisha vioo. Sylvester alikuwa amekwisha shika usukani.

"Lile kopo la moshi," alisema Apolonia kwa upole, akimtazama kwenye kioo cha dereva. "Uliliwasha saa ngapi?"

"Niliposikia mwano."

"Uliposikia mwano ulijuaje kwamba ni nyuki?"

Januarius alifungua mdomo. Alifikiri. Unaweza kumwona mtu akitafuta neno kama anayetafuta ufunguo mifukoni, na ufunguo haupo. Alilowa jasho kuanzia juu ya mdomo.

"Mama... mama alipiga kelele za nyuki."

"Hakuna kelele za nyuki. Magese alikuja na upinde." Alishusha sauti zaidi. "Shati jeupe linakupendeza. La Zengo lina doa la njano kwenye kola, na kichupa chako Violeth amekiona. Sasa sikiliza. Nje pana watu mia mbili. Ukifungua mlango huu nitalazimika kueleza kwa nini nilikuwa nakuita. Ukitulia, utafika Bariadi."

Hakufungua mlango. Aliweka mikono yote miwili mapajani.

Na hapo Apolonia akakumbuka, amechelewa, kwamba aliyeketi pembeni ya Januarius anasikia kila neno. Aligeuka. Milembe alikuwa amemkazia macho yule aliyemlea. Mkono wake mkavu ulikuwa umeishika kanga, umeikunja, unaikunja.

Kioo kikagongwa. Magese. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama wote, wamelizunguka gari mbele na nyuma, na wa mbele walikuwa wameweka mikono juu ya boneti. Apolonia alishusha kioo upana wa kiganja.

"Afande, huyu mama humpeleki popote. Kura haijapigwa."

"Nina amri ya..."

"Mkimpeleka mtamwachia. Tunawajua. Sema hapa, mbele ya watu. Kama si yeye, ni nani? Sema jina tukuachie njia."

Wa nyuma wakaanza kulitikisa gari, kidogo, kama wanaolipima uzito. Sylvester aliweka gia na hakuthubutu kuachia klachi. Apolonia aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Neno moja tu kutoka kiti cha nyuma lingetosha, na mwenye neno hilo alikuwa na kila haki ya kulisema.

Milembe alishusha kioo chake chote.

"Magese."

"Naam, mama."

"Mjukuu wangu amelala kwenye friji Bariadi siku ya pili. Nani atasaini tupewe mwili? Wewe?"

Magese aliitazama ndoo kule kwenye kiti.

"Wanasema lazima nyumba zote mbili zisaini, kubwa na ndogo. Ndiyo maana na huyu anakwenda. Mnataka kuzika au mnataka kupiga kura?"

"Mama, watu wanasema..."

"Juzi niliwaita mkaja. Mkaona nyuki, mkakimbia, mkaniacha nimemkumbatia mwenyewe. Sikuwasema. Leo naomba mpishe gari tu. Ndoo yenu mtaikuta hapa, na mimi mji wangu ni huu, nitarudi. Nitakimbilia wapi na umri huu?"

Kilichompata Magese kilikuwa aibu, na ilionekana mpaka masikioni. Alirudi nyuma hatua moja. Akaweka filimbi mdomoni, akaitoa bila kuipuliza, akawapungia mkono walio mbele. Walipisha shingo upande, mmoja baada ya mwingine, na Sylvester akalipitisha gari katikati yao kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Wakaiona lami. Januarius alikuwa analia sasa, chini kwa chini, ameziba uso.

"Mayu," alisema. "Mayu, umeniokoa. Sijui..."

"Afande," alisema Milembe, hakumgeukia. "Mfunge pingu."

Sylvester alisimamisha gari kando ya barabara.

"Nilidhani umemhurumia," alisema Apolonia.

"Angefia pale kwangu, wangesema nimemloga na yeye." Alikuwa anatazama mbele, kwenye lami iliyonyooka kwenda Bariadi. "Nataka afike mzima. Aseme yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, jinsi alivyomuua mtoto wangu."

Apolonia alishuka akafungua mlango wa nyuma. Pingu hazikushika mpaka mara ya tatu.